Jinsi ya kuomba kibali, ISBN na usajili kabla ya kuchapa hadithi ya shabiki: kwa waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Uko Mbeya, Iringa au Njombe, umeandika hadithi ukiwatumia wahusika wa riwaya, tamthilia au katuni ya mtu mwingine, na wasomaji wako wa magrupu ya WhatsApp wameanza kuuliza kitabu kitatoka lini. Usianzie kwa mchapaji. Anzia kwa mwenye wahusika. Katika utaratibu wote unaofuata hakuna karatasi nyingine inayokupa ruhusa ya kuuza wahusika wa mwenzako, hata hiyo ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo wengi wanadhani ni leseni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani aitafsiri, aibadilishe au atunge jingine kutokana na kazi yake. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tamthilia ya Korea na katuni ya Japani nazo zinalindwa hapa kwetu, maana Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Kuna wanaojitetea kwa mfano wa Marekani, ambako shirika la Organization for Transformative Works limekuwa likizitetea hadithi za mashabiki tangu 2007. Lakini utetezi ule umejengwa juu ya sheria ya Marekani na juu ya hadithi zisizouzwa. Ukiweka bei kwenye jalada, umeshatoka nje yake.

Kuomba kibali

Fungua kitabu cha asili, ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina. Hapo utaona haki ni za mwandishi au za kampuni ya uchapishaji. Kama ni tamthilia au filamu, tafuta kampuni iliyoitengeneza. Kama mwandishi amefariki na miaka 50 haijatimia, haki zimekwenda kwa warithi, kwa hiyo zungumza na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Neno la binamu mmoja aliyekubali kwa simu halitoshi, ndugu wengine wanaweza kulikana kesho. Ukikwama kumpata mwandishi wa Kitanzania, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama wanaye kwenye orodha yao.

Kwa mwandishi mzee wa hapa nyumbani, piga simu kwanza, mpe shikamoo yake, jieleze unatoka wapi na unaipendea nini kazi yake. Kisha peleka barua. Barua fupi yenye mambo kamili inajibiwa upesi kuliko sifa za kurasa tatu. Iwe hivi:

"Ndugu, naomba kibali cha kuchapa kitabu nilichokitunga kwa kuwatumia wahusika wako (wataje), kutoka katika kazi yako (taja jina). Kitabu ni cha Kiswahili, kurasa 96, nakala 200, kitauzwa ndani ya Tanzania kwa bei ya shilingi (taja). Napendekeza upate (taja sehemu) ya mauzo. Jina lako na la kazi yako yataandikwa katika ukurasa wa haki. Nimeambatanisha muswada mzima."

Ambatanisha muswada wote. Mtu hawezi kuridhia asichokisoma, na akikuta sura ya tatu imemvunjia heshima mhusika wake, ni afadhali aseme sasa. Jibu liwe la maandishi, lenye sahihi, tarehe na idadi ya nakala. Akikataa, badilisha wahusika, mahali na mkasa hadi hadithi isimame kwa miguu yake, au iache bila kuchapwa. Kuigawa bure hakuondoi haki yake.

Kuna njia nyingine ninayoipenda sana: chagua kazi ambayo muda wake umekwisha. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, kazi alizozichapisha akiwa hai zilifunguka baada ya 2012. Jihadhari tu na dibaji, michoro na tafsiri za matoleo mapya, kwa kuwa hizo zina wenyewe.

ISBN na usajili

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo makao yake yako Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi, pita Maktaba ya Mkoa, iwe Mbeya au Iringa, uulize fomu na ada ya sasa. Andaa ukurasa wa jina, ukurasa wa haki, kitambulisho chako na nakala ya kibali. Malipo ya serikali hufanywa kwa kontroo namba, kwa hiyo usimpe mtu fedha mkononi. Namba utakayopata ina tarakimu 13, na za Tanzania huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Toleo la karatasi na la simu huhitaji namba mbili tofauti. Kuchapa upya bila mabadiliko hakuhitaji namba mpya.

Kwa COSOTA unasajili kazi yako. Hakimiliki huzaliwa unapoandika, usajili unakupa ushahidi siku ya mgogoro. Eleza wazi kwamba kazi imetokana na nyingine na uambatanishe kibali. Unasajili ulichokiongeza wewe, wahusika hubaki wa mwenyewe.

Kwa mchapaji

Sasa nenda Mwanjelwa ya Mbeya, Miyomboni ya Iringa au popote penye mchapaji unayemwamini, ukachukue profoma, yaani makadirio ya bei, kwa zaidi ya mmoja. Kwa kitabu cha A5 kinachobanwa kwa pini, idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Kikizidi unene, omba kipigwe gundi. Dai nakala moja ya sampuli, ikunjue katikati kwa nguvu, isome yote, ndipo usaini kazi iendelee. Idadi isipite iliyo kwenye kibali, na risiti uitunze pamoja na barua.

Kitabu kikitoka, peleka nakala za hifadhi kwa Bodi ya Maktaba kama sheria inavyotaka, na nyingine kwa mwenye wahusika kabla hujaanza kuuza.