Ukiulizwa kuhusu bustani kwenye IELTS: mambo ya kuweka sawa kabla ya siku yenyewe

Swali lenyewe halitishi. Mtahini wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anauliza, "Do you like going to parks?", na mtu aliyetoka kueleza vizuri kazi yake ya wodini anajibu "Yes, I like", kisha ananyamaza. Kiingereza anacho. Anachokosa ni la kusema, kwa sababu hajawahi kukaa akajiuliza kwa nini huenda bustanini, au kwa nini haendi. Ndiyo maana maandalizi ninayoyapendekeza huanza na mambo ya kusema, sentensi hufuata. (Na hilo "I like" lishughulikiwe leo hii: sisi husema "ndiyo, napenda" na inatosha, lakini Kiingereza hutaka "Yes, I do" au kitajwe kinachopendwa.)

Jua kwanza unapimwa nini. Sehemu ya kuongea ya IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, uso kwa uso, na hurekodiwa. Alama hutoka kwenye mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa maneno yako, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya kujua majina ya miti, wala hakuna anayekagua kama kweli ulikwenda huko Jumapili iliyopita. Unaweza kutunga. Mimi nashauri usitunge, kwa sababu kutunga kunakula akili ile ile unayoihitaji kupanga sentensi. Wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza wanaujua uzito wa jambo hili: baraza la usajili la huko, NMC, huwataka wapate bendi 7, yaani alama 7 kati ya 9, kwenye kuongea, na bendi 7 haipatikani kwa majibu ya neno moja.

Kabla ya yote, amua ni bustani ipi. Mtanzania akisikia "park" akili hukimbilia Serengeti au Mikumi, Mkenya naye akaiona Nairobi National Park. Si kosa, ila maswali yanayofuata yatakuacha njia panda: unakwenda mara ngapi, watu hufanya nini pale, ulikuwa ukicheza huko utotoni? Hakuna anayekwenda Serengeti kila jioni kunyoosha miguu. Mtahini anaulizia mahali pa wazi pa mjini, penye majani na benchi, pa kupunga upepo. Wa Nairobi ana Uhuru Park, Arboretum, Jeevanjee na msitu wa Karura. Wa Mombasa ana Mama Ngina. Wa Unguja ana Forodhani. Wa Dar es Salaam hana nyingi, na hilo nalo ni jibu zuri sana: sema mtaani kwenu hakuna bustani ya maana, kwa hiyo mkitaka upepo mnakwenda Coco Beach kula mihogo. "Not really, because..." ikifuatwa na sababu mbili za kweli inashinda "yes" lisilo na mwili.

Ukishachagua, nenda. Nasema nenda kwa miguu yako, ukae nusu saa, utazame. Chukua Forodhani jua linapozama. Kuna meza za wauza pweza, miwa inakamuliwa, moshi wa mishikaki unakuingia machoni. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, watalii wanashika simu juu, wazee wamekaa wanaongea. Nyuma yako Ngome Kongwe. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Sasa jiulize: nitavisemaje hivi kwa Kiingereza? Hapo ndipo msamiati wako unapozaliwa. Utahitaji "stalls", utahitaji "grilled octopus", utahitaji "sea wall" na "jump off", utahitaji kusema panajaa watu baada ya magharibi: "it gets really crowded after sunset". Maneno haya hayana mbwembwe, lakini yanaonyesha kwamba unajua kutaja kitu kwa jina lake, na huo ndio upana wa msamiati. Linganisha na yule aliyekariri kwamba bustani ni mapafu ya jiji na humburudisha mwanadamu kutokana na misukosuko ya maisha ya kisasa. Mtahini ameisikia hiyo asubuhi hii hii.

Kukariri ni ugonjwa wa wengi na unasambazwa kwa WhatsApp, mafaili ya majibu kamili ya "band 9". Watahini wamefundishwa kuyatambua. Sauti hubadilika ghafla, mtu anakuwa kama anasoma tangazo la msiba redioni, kisha likiulizwa swali dogo la nyongeza anarudi kwenye Kiingereza chake cha kawaida. Jibu la kukariri halipimi chochote, kwa hiyo linashusha alama. Beba vitu vitano au sita kuhusu mahali pako, uviseme kwa namna tofauti kila unapojaribu.

Kwenye sarufi kuna mitego inayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, na mada hii huigusa yote. Sisi husema "naenda Karura kila Jumapili" na pia "naenda Karura sasa hivi" kwa kitenzi kile kile. Ndiyo maana wengi hutoa "I am going to Karura every Sunday". Kipimo ninachokiamini ni hiki: kama ndani ya sentensi ya Kiswahili unaweza kuingiza "huwa" bila kuiharibu, Kiingereza chake ni "I go", "I usually go". Kama ni desturi ya utotoni iliyokwisha, ile ya "tulikuwa tukienda", basi ni "we used to go". Swali la utotoni huulizwa mara kwa mara, kwa hiyo hiyo "used to" iwe imelainika mdomoni.

Mtego wa pili ni -ni. Naenda bustanini, nacheza bustanini, natoka bustanini: kwetu kitenzi hubeba kazi yote na jina halibadiliki. Kiingereza kinataka "to the park", "in the park", "from the park". Zungumza kwa sauti safari nzima ya kutoka nyumbani, kufika, kuzunguka na kurudi, ukizisikiliza hizo tu. Mtego wa tatu ni "yeye". Ukisimulia unakwenda na dada yako, baada ya sentensi mbili "she" hugeuka "he" bila wewe kujua. Waliokaa na Kiingereza miaka mingi bado huteleza hapo, hivyo usijilaumu sana, ila mweke mtu akusikilize na agonge meza kila unapoteleza.

Matamshi. Sauti za "there" na "path" zisikutishe: anayetamka dhahabu na thelathini inavyotakiwa anazo zote mbili tayari, na watu wa Pwani hapa wametangulia. Kazi iko kwa aliyezoea "zahabu" na "selasini". Pili, maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo "park" huzaa "paki" na "bench" ikawa benchi letu la kawaida. Jizoeze kufunga mdomo kwenye konsonanti ya mwisho. "Sit" na "seat" huwa neno moja kwetu, na kwenye mada ya bustani utayahitaji yote. La mwisho ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, wakati "exercise" na "atmosphere", maneno mawili ambayo hutayakwepa, hukazwa mwanzoni kabisa. Lafudhi ya kwenu ibaki. Hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London, na wanaojaribu kuigiza ndio hupotea zaidi.

Kuna jambo la malezi pia. Tumefundishwa kumjibu mkubwa kwa ufupi, macho chini, bila kujimwaga. Mbele ya mtahini heshima hiyo inakugharimu. Mazungumzo yana sehemu tatu. Ya kwanza huchukua dakika nne hadi tano na maswali ni mengi, basi usihutubie. Sentensi mbili au tatu kwa kila swali zinatosha: jibu, sababu, na kijambo kimoja cha kweli. Usiposikia, omba arudie, "Sorry, could you repeat that?", na usiombe radhi mara tatu. Usipoteze muda kumshukuru kwa swali zuri.

Sehemu ya pili ndiyo inayotaka mazoezi. Unapewa kadi, tuseme ya kueleza bustani au mahali pa wazi unapopenda: pako wapi, unakwenda lini, watu hufanya nini, kwa nini unapapenda. Una dakika moja ya kujiandaa, karatasi na penseli, kisha unaongea dakika moja hadi mbili peke yako. Katika dakika ile usiandike sentensi. Andika maneno sita: "matatu, gate, waterfall, bikes, my cousin, rain". Kila neno ni mlango wa sekunde kumi na tano au ishirini. Neno moja kati yao liwe na kisa, kwa mfano siku mvua ilipowanyeshea Karura mkajibanza chini ya mti na binamu yako na familia msiyoijua, kwa sababu kisa hukulazimisha kutumia wakati uliopita na kinajaza muda bila kujisukuma. Ukimaliza la mwisho na bado hujakatishwa, ingia kwenye ambacho hukipendi: maegesho, takataka, kiingilio. Mtahini akikukatisha dakika mbili zikifika, usihesabu kuwa umeharibu, ndiyo kanuni.

Sehemu ya tatu huondoka kwako na kwenda kwa jamii. Kwa nini miji haina bustani za kutosha? Nani azilipie? Vijana na wazee huzitumia tofauti? Hapa wengi hushika kichwa, kumbe Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua za kupinga, akatukanwa hadharani, na mwishowe mradi ukaachwa. Miaka kumi baadaye alikuwa Karura akipigania msitu usigawiwe, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Jifunze kusimulia kisa cha jengo kwa sentensi tatu za Kiingereza. Tanguliza hoja: ardhi ya mjini ni ghali, hivyo eneo la wazi hutamaniwa na wenye fedha. Kisa kije kuithibitisha. Ukianza na kisa, utajikuta unatoa somo la historia na swali limebaki nyuma. Kwa kiingilio, pima Karura, ambako unalipa, na Forodhani, ambako unaingia bure, useme nani anaachwa nje na nani anafagia.

Jirekodi kwa simu ukijibu, usikilize siku inayofuata, na kila mara tafuta kosa la aina moja tu. Leo "he" na "she", kesho mkazo. Anayesaka yote kwa pamoja huishia kuichukia sauti yake.

Angalia pia ratiba yako: kuongea kunaweza kupangwa siku tofauti na karatasi nyingine, hadi wiki moja kabla au baada, na vituo vingine hutumia simu ya video ndani ya kituo chenyewe. Kitambulisho kiwe kile kile ulichojisajilia. Kama ulitumia pasipoti, ibebe pasipoti hiyo hiyo.