Somo: Tarantula wa kwanza usimchimbe porini

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha Lubumbashi, picha ni ileile: mtu amekutana na buibui mkubwa wa manyoya njiani kwenda shambani, amemtia ndani ya kopo la maziwa, na anauliza, "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa), huyu naweza kumfuga?" Nawapenda sana wanaouliza hivyo, kwa kuwa wengi wangemponda kwa jembe. Lakini kwa anayeanza jibu langu ni hapana.

Tarantula, yaani hao buibui wakubwa wa manyoya, wako makundi mawili, na tofauti yao ndiyo itakayoamua kama utafurahi au utalia. Wengi wa wale wa Amerika wamebeba mgongoni, juu ya tumbo, vinywele vinavyowasha kama upupu. Wakiudhika huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikakurukia. Utajikuna, basi. Wa Afrika hawana vinywele hivyo. Silaha yao ni mbio na meno. Pterinochilus murinus, anayepatikana Afrika ya kati, mashariki na kusini, huinua miguu ya mbele na kuuma haraka. Hakuui, lakini maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza siku kadhaa. Mtu ambaye hajazoea hata kufungua kifuniko bila kutetemeka asianze na huyo.

Hatua ya 1: Aina. Mimi nataja tatu tu. Brachypelma hamorii wa magharibi mwa Meksiko, mweusi mwenye magoti mekundu ya moto. Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye nywele zilizojikunja. Na Grammostola pulchripes wa Paraguay na Argentina, mkubwa mwenye mistari ya dhahabu miguuni. Wote ni wa ardhini, hawana haraka, na wanasamehe makosa. Ukinilazimisha kuchagua mmoja, nachukua mwenye nywele za kujikunja: anakula vizuri na anakua upesi kuliko yule wa magoti mekundu.

Angalia karatasi. Jamii yote ya Brachypelma imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Kongo ni mwanachama tangu 1976. Kumvusha mpaka kunataka kibali cha nchi anakotoka. Muuzaji akikwambia "ficha ndani ya mfuko, mpakani Kasumbalesa utapita", achana naye. Uliza pia kama kazaliwa kwa mfugaji au kakamatwa porini. Hawa wanakua polepole, na ukichimba jike mmoja mzima umeondoa miaka mingi ya pori.

Hatua ya 2: Yule utakayemchukua. Usichukue kitoto cha ukubwa wa punje ya mchele, kinakauka upesi. Chukua mwenye sentimita 5 hadi 7, miguu ikinyooshwa. Tumbo liwe la mviringo, lisiwe limesinyaa kama zabibu kavu. Miguu ikikunjwa chini ya mwili kama ngumi, huyo yuko karibu kufa. Dume aliyekomaa ana ncha za mikono ya mbele zilizovimba, na kwa aina nyingi ana ndoano chini ya magoti. Hatakaa nawe zaidi ya mwaka au miwili. Jike la magoti mekundu linaweza kupita miaka 20. Fikiria hapo: mtoto wako anayeanza shule leo atakuwa ameoa.

Hatua ya 3: Nyumba. Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoua wa kwanza wangu. Nilimpa chombo kirefu cha kioo, nikaweka udongo vidole viwili tu chini, nikaona anapendeza akipanda juu. Usiku mmoja alianguka. Tumbo la tarantula ni ngozi laini iliyojaa maji. Lilipasuka, na asubuhi alikuwa amekwisha. Kwa hiyo kutoka udongo hadi kifuniko kusizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui na miguu yake. Urefu wa sanduku uwe kama mara tatu ya upana huo. Sanduku la plastiki la sokoni linatosha. Toboa matundu kwa msumari wa moto, na kifuniko kifungwe barabara.

Udongo uwe mwingi ili achimbe, na utoke mahali pasipowekwa mbolea wala dawa. Ukaange kwenye sufuria, upoe. Udongo mtupu wa kichuguu haufai: ukikauka unakuwa tofali. Weka gome la kujificha na kifuniko cha chupa chenye maji safi siku zote. Taa hahitaji.

Hatua ya 4: Chakula. Nyenje au mende mmoja kila wiki au wiki mbili, asizidi ukubwa wa tumbo la buibui. Fuga mende wako mwenyewe, kwa kuwa wa jikoni huenda wamelamba sumu. Asipoliwa hadi kesho, mtoe.

Hatua ya 5: Dawa ya mbu. Dawa inayoua mbu inaua buibui pia. Chumba chake kisipulizwe kabisa, na ukitoka kushika chandarua chenye dawa, nawa mikono kwanza.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Kutoka Katuba: Yaya, mwezi wa sita usiku baridi inauma. Nimuweke karibu na mbabula (jiko la makaa)?*

Hapana, ndugu yangu. Moshi utamdhuru na joto la makala litamkausha. Na usilale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, inaua watu. Weka sanduku juu ya kabati, chumba cha katikati, mbali na dirisha. Baridi ya usiku atavumilia. Atapunguza kula tu.

*Kutoka Ruashi: Wangu amelala chali tangu asubuhi. Mama anasema nimzike.*

Mwambie mama angoje. Buibui anayekufa hukunja miguu. Anayelala chali anajivua ngozi. Usimguse, usimgeuze, toa mende wote, kwa maana akiwa laini hivyo mende anaweza kumla yeye. Buibui aliyekomaa akishajivua, ngoja kama siku kumi kabla ya kumlisha.

*Kutoka Kamalondo: Naweza kumlisha vinkubala (viwavi vikavu) vya sokoni?*

Hapana. Vimekaushwa, vina chumvi, na yeye anafuata kinachotembea. Vile ni vyetu na bukari (ugali).

*Kutoka Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: Watoto wanataka kumshika.*

Mimi sishiki wangu. Akianguka kutoka mkononi ni kama yule wangu wa kwanza, na vile vinywele vikiingia jichoni mwa mtoto utakwenda hospitali. Waonyeshe anavyokula.

*Kutoka njia ya Likasi: Na huyu niliyemkamata jana, bado yuko kwenye kopo?*

Mrudishe leo kabla ya giza, pale pale ulipomtoa, kama unalijua shimo lake ndiyo bora. Laza kopo chini, fungua, rudi nyuma. Halafu rudi usiku na tochi, kaa hatua tatu mbali, usitembetembe. Utamwona amekaa mlangoni, vidole vya miguu juu ya uzi wake, anasikiliza wadudu wanaopita.