Somo: Dansi ya kwanza ya maharusi, tuanze na kutembea

Maharusi wengi huja darasani na simu mkononi, wamehifadhi video ya watu wanaorushana hewani, na harusi ni mwezi ujao. Wote nawaambia: wekeni simu, shikaneni mikono, tutembee. Wageni hawaji kuhesabu mitindo. Wanatazama nyuso zenu, na uso wa mtu anayekumbuka hatua kichwani huonekana mpaka meza ya mwisho.

Hatua ya 1: Wimbo. Upigieni makofi kwanza. Ukihesabu moja-mbili-tatu ukarudi mwanzo, huo ni wa wolzi. Ukifika nne, uko kwenye rumba, bango (muziki wa dansi wa pwani) na nyimbo nyingi za mapenzi za siku hizi. Dakika mbili na nusu zatosha. DJ aushushe polepole.

Hatua ya 2: Mshiko. Bwana, kiganja cha kulia kikae mgongoni mwa bibi, chini kidogo ya mfupa wa bega, si kiunoni. Hapo ukigeuza kifua kidogo tu, bibi anajua mnaelekea wapi. Mkono wa kushoto ushike wake wa kulia, usawa wa macho ya aliye mfupi. Viwiko visilegee.

Hatua ya 3: Tembeeni. Wimbo mzima: bwana mbele, bibi kinyumenyume, kisha mgeuze. Bwana huanza na mguu wa kushoto, bibi wa kulia. Uzito wote uhamie mguu mmoja kabla mwingine haujainuka. Watu hukanyagana kwa sababu wamesimama katikati, uzito haujulikani uko wapi. Msiiache hatua hii mpaka muweze kupiga gumzo huku mnatembea. Nikiwasikia mnacheka, ndipo naendelea.

Hatua ya 4: Mraba. Bwana: kushoto mbele, kulia pembeni, kushoto funga, kulia nyuma, kushoto pembeni, kulia funga. Bibi hufuata kwa mguu wa pili. Kwa wimbo wa hesabu nne, hatua ya mbele na ya nyuma zichukue hesabu mbili mbili. Kwenye kiitikio, bibi azunguke mara moja chini ya mkono. Basi.

Hatua ya 5: Nguo. Bibi ajifunge leso mbili kiunoni zifike sakafuni, azoee kitambaa miguuni kabla ya siku ya gauni. Gauni likiwa na mkia, fundi ashone kitanzi na kifungo cha kuuinulia. Soli mpya huteleza kwenye vigae, zikwaruzeni kwa msasa. Na bwana, harusi ikiwa kati ya Desemba na Machi, fanya zoezi ukiwa na koti la suti. Joto la kaskazi lisikukute ukumbini mara ya kwanza.

MASWALI

Mwalimu, mchumba wangu hasikii mdundo kabisa. Nifanyeje?
Dada, usimhesabie kwa sauti, utamvuruga. Simameni mmeshikana, muyumbe tu kulia na kushoto, wimbo mzima, kila usiku kabla ya kulala. Mwili wake utaupata kupitia wako. Ukumbini mkiyumba hivyo na kutembea kidogo, hiyo tayari ni dansi.

Yetu ni ufuoni Bamburi, saa kumi jioni. Mchanga je?
Mchanga mkavu hushika mguu, hasa mkizunguka. Chezeni peku kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Ila tazameni jedwali la maji kabla ya kuchapisha kadi: siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa alasiri, na huo mchanga hamtauona. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo kusogeza harusi wiki moja hubadilisha mambo.

Kwetu Mji wa Kale kupamba, sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ni kwa wanawake, bwana huingia kidogo tu mwishoni. Somo hili latufaa?
Hatua ya 3 yawafaa sana, mwanangu. Hakuna dansi hapo, wala msiitafute. Lakini kuna kutembea mpaka kwenye kiti, mama, shangazi na somo wako, yaani kungwi, wote wakitazama. Mfanye zoezi baada ya nikaha, faraghani: bwana apunguze hatua zilingane na zako, asimame nawe unapoinua gauni, msubiriane kukaa.