Lenzi kwanza, kamera baadaye

Nikon D3300 ya mwaka 2014, yenye megapikseli 24, bado inatosha kwa albamu ya harusi. Kwa hiyo anayelalamikia picha zenye giza za ukumbini na aanze kwa kuichunguza lenzi, kwa kuwa lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi), ambayo si ghali, hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa (zoom) hadi mwisho, tundu lake linapobaki f/5.6. Kubadilisha kamera kuna maana pale shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inapokufa, au kazi inapodai ulengaji wa fokasi unaofuata jicho la anayecheza. Hata hapo, lenzi zisiuzwe kwa pupa: kupitia FTZ, adapta ya Nikon ya kufunga lenzi hizo kwenye kamera zake za Z zisizo na kioo, zile za AF-S (zenye mota ndani) hujilenga zenyewe, ilhali za AF-D (za zamani, zisizo na mota) hulengwa kwa mkono.