Namna ya kuchagua kamba, dumu na turubai kwa kujua mnyororo wa plastiki yake

Watu wengi wakiingia dukani Mtwara mjini kutafuta kamba ya chombo wanauliza unene na bei basi, wakati kinachoamua kamba itadumu au itakatika ni vitu viwili ambavyo havionekani kwa macho: urefu wa mnyororo wa molekuli (chembe ndogondogo zilizoungana mfululizo kutengeneza plastiki), na jinsi mnyororo wenyewe ulivyokaa.

Anza na urefu. Nta ya mshumaa na plastiki ya dumu la maji, inayoitwa polietilini, zote ni kaboni na haidrojeni, ila nta ina kaboni kama 20 mpaka 40 kwenye mnyororo na ya dumu zinafika maelfu. Mifupi inateleza kirahisi ndo mana mshumaa unauvunja kwa vidole, mirefu inajisokota kama jarife lililojikunja, ukivuta huku inashikiliwa kule. Ipo mpaka polietilini yenye uzito wa molekuli milioni 3 hadi 6, wanasokotea kamba za kufungia meli kubwa, na kwa uzito sawa inaishinda waya wa chuma. Shida yake ikiyeyushwa haitiririki, kwahiyo kiwandani wakitaka kutoa ndoo na mabeseni wanatumia mnyororo wa wastani.

Sasa adui wa urefu ni jua, na jua la kwetu huku kusini mnalijua. Mwanga unaikata minyororo kidogokidogo, unene wa kamba unabaki uleule lakini ndani imeshakwisha. Isugue kiganjani, ukiona imeacha unga au uzi mmoja ukiukunja unapasuka, hiyo usiitegemee baharini hata siku moja. Ukinunua ya kukaa juani chukua nyeusi iliyochanganywa masizi, yananyonya ule mwanga, ndo mana matanki mengi ya maji ni meusi. Na turubai la kuanikia korosho kazi ikiisha likunje uweke ndani jamani, msiliache uwanjani mpaka msimu ujao.

Umbo nalo. Polietilini ilipatikana Uingereza 1933, minyororo yake ina matawi mengi hivo haipangiki ikabanana, ikawa laini. 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata kichocheo cha kutengeneza mnyororo ulionyooka, hiyo inabanana vizuri, ngumu, ndo ya madumu. Geuza chombo cha plastiki uangalie namba kwenye pembetatu chini: 4 ni ya matawi, inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 110, 2 ni iliyonyooka kama 130, 5 ni polipropilini kama 160, kwahiyo uji wa moto tafuta 5.

Kwa kamba kata kipande, kiloweshe vizuri hewa itoke, kizamishe kwenye ndoo ya maji. Kikielea ni polipropilini au polietilini, nzuri kwa kamba ya juu ya nyavu yenye maboya. Kikizama yaweza kuwa nailoni, minyororo yake inashikana yenyewe kwa yenyewe ndo mana ina nguvu, afu inavutika hivo wimbi likipiga chombo haikatiki ghafla, mie kwa nanga naipenda hiyo japo ikilowa inapungua nguvu kidogo. Msitambue kwa kuchoma, kuna plastiki kama za mabomba ya PVC moshi wake una asidi, unaunguza kifua.

La mwisho ni minyororo iliyofungwa mmoja kwa mwingine pande zote. Mafuta ya ganda la korosho zetu yakichanganywa na kemikali ya formalidehaidi yanatoa utomvu wa hivo, unaingia kwenye breki za magari kwa sababu hauyeyuki kwa joto. Kwahiyo mkono mweusi mgumu wa kikaango, nao wa aina hiyo, ukivunjika usihangaike kuuyeyusha ili ushikane tena, utaungua tu. Nunua gundi ya epoksi ya mirija miwili, kwaruza pande zote kwa msasa, changanya kwa kipimo kilichoandikwa, paka, funga kwa kamba na uache mpaka kesho yake, mana nayo inajifunga minyororo hapohapo kwenye ufa.