Pompa ya pisini: anza na kikapu

Natunza pisini, yaani bwawa la kuogelea, ya nyumba moja hapa Goma, upande wa Himbi. Pompa ya kwanza niliyopewa niliiua mwenyewe: niliiwasha kavu.

Ndani yake kuna gurudumu dogo lenye mapanga, linazungushwa na mota. Likizunguka, maji yanatoka pisini, yanapita kwenye kikapu, yanasukumwa ndani ya chujio la mchanga, kisha yanarudi. Basi, kazi yake ni hiyo tu.

Kikapu ndicho kinachokula muda wangu. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linaingia kila mahali, achilia mbali majani. Kila asubuhi nazima umeme, nafunga valvu, nakung'uta kikapu. Kisha napitisha kidole kwenye mpira wa kifuniko: chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza hewa, utaona mapovu yanacheza chini ya kifuniko. Mpira huo upake grisi ya silikoni, siyo ya gari. Ya gari inauharibu. Jaza maji mpaka juu, funga, fungua valvu, ndipo uwashe.

Geji ya chujio, ile saa inayoonyesha presha ya maji, ikipanda nusu bari (bari ni kipimo cha presha) kupita kawaida, osha mchanga kwa kurudisha maji kinyume. Zima pompa kabla ya kugeuza mkono wa valvu ya chujio, tafadhali.

Maji yakidondoka kati ya mota na pompa, sili, kile kizuizi cha maji kati yao, imekwisha. Na umeme ukiwa hafifu, kama wetu saa mbili usiku, usiilazimishe pompa: itavuma tu huku ikipata moto. Mimi nangoja mpaka saa tano.