Acha wembe, chukua kifumulio
Mafundi cherehani wenzangu wa Kadutu, hapa Bukavu, kufumua mshono kwa wembe tuache. Kikwembe (kitenge) cha mteja kikishatoboka, hakuna dawa. Tafuta kile kijichuma cha kufumulia chenye meno mawili: jino refu lenye ncha, na fupi lenye kitone chekundu. Makali yako pale katikati yake. Mimi nachagua chenye mpini mnene, maana chembamba kinateleza mkono ukitoka jasho.

Usikate mshono wote. Kata pigo moja la uzi, ruka matatu, hadi mwisho. Kisha geuza kitambaa, vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima, taratibu, bila kujeruhi nguo.

Unapasua tundu la kifungo? Choma pini mwishoni kwanza, makali yasipitilize. Ukiona unalazimisha, kifumulio kimekuwa butu: nunua kingine.